Kabari za Shangazi

Kila asubuhi, kabla hajaosha uso, shangazi yangu aliizunguka nyumba nzima akigonga kabari. Kabari ni kijipande cha mti tu, upande mmoja mnene, upande wa pili mwembamba, unakichomeka palipo na upenyo pakakaza. Alikuwa nazo kila mahali. Moja chini ya dirisha la jikoni, maana dirisha lile lilikuwa na tabia ya kushuka lenyewe. Moja kwenye bawaba ya juu ya mlango wa mbele. Moja kwenye jukwaa la tangi la maji, na nyingine chini ya kitanda cha baba na mama, ambayo aliigonga wakishatoka chumbani, huku akiguna. Alitembea na nyundo ndogo ya mbao. Anagonga mara moja, anatega sikio, anagonga tena. Tok. Kimya. Tok. Sisi tuliamkia sauti hiyo, na ikichelewa mama aliuliza kutoka kitandani, "Vipi, wifi anaumwa?"

Niliwahi kumuuliza kwa nini asipige msumari mara moja apumzike.

"Nyumba hii kuukuu," alisema. "Mvua ikinyesha mbao zinavimba, jua likiwaka zinanywea. Ukipiga msumari umeikaba shingo, itakuja kupasukia kwingine. Kabari unaisukuma leo, kesho unaivuta kidogo. Mnaelewana."

Na watu aliishi nao hivyohivyo, anasukuma kidogo, anavuta kidogo. Mpaka alipochoka.

Alikuwa dada mkubwa wa baba. Ndiye aliyembeba mgongoni baba alipokuwa mtoto, na baba alilisema hilo mwenyewe akiwa na furaha. Mume wa shangazi alikuwa seremala. Mwanzoni shangazi alimshikia mbao tu; mwishoni shangazi ndiye aliyekata na mume akashika. Mume alipofariki, ndugu zake walikuja wakachukua nyumba, vyombo, hata mapazia. Waliacha sanduku la vifaa kwa sababu lilikuwa zito na hakuna aliyetaka kulibeba. Shangazi akajitwika mwenyewe mpaka kwetu. Hakugombana na mtu. Watu wakamsifu, mwanamke mwema yule, hana makuu. Kila waliposema hivyo alikuwa akitazama mikono yake.

Kwetu alipokelewa vizuri, siwezi kusema uongo. Akapewa chumba cha uani. Lakini tangu aingie, sikumbuki kama kuna mtu aliyewahi kumwita kwa ajili ya jambo jingine.

"Wifi, bomba linalia tena."

"Dada, kitasa kimemeza ufunguo."

"Jirani, samahani, nisaidie kidogo tu, pedeli ya cherehani imelegea," mshona nguo wa nyumba ya pili aliita kutoka ng'ambo ya ukuta. Kidogo tu yake ilikuwa inakula mchana mzima.

Shangazi alikwenda kwa wote. Akimaliza, wanafungua bomba, wanafunga bomba, wanasema "ee, afadhali," basi. Afadhali ndiyo ilikuwa asante yao.

Baba alikuwa muuzaji kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alijua majina ya vitu vyote, skrubu za hivi, gundi ya vile, bawaba ya mlango na bawaba ya kabati, na mteja akiuliza anaelezwa mpaka anajuta kuuliza. Lakini hapa nyumbani msumari ukimwona baba anakuja na nyundo, unapinda wenyewe kabla hajaugusa. Mama ndiye aliyesema hivyo, si mimi. Mimi nilichekea ndani kwa ndani. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo nilishinda nyumbani, na mtu asiyesema sana watu humsahau kama yupo.

Uani tuna stoo. Shangazi aliomba afanyie kazi zake humo, baba akakubali, maana ilikuwa ya panya tu. Ilikuwa na tundu kubwa la mlango lakini mlango wenyewe haupo. Shangazi akamwomba baba amtafutie mlango mpana dukani. Baba akaja na mlango mwembamba ambao mteja mmoja aliukataa, ukakaa dukani mpaka rangi ikabanduka.

"Mdogo wangu, huu si wa choo?" shangazi aliuliza.

"Punguza tundu, Dada. Jengea huku kidogo na huku kidogo. Kwani unapitisha nini humo, ng'ombe?"

Mama akacheka. Baba akacheka kwa kuwa mama amecheka. Shangazi akachanganya saruji, akapunguza tundu, akaupachika ule mlango wa choo. Ila kuanzia siku hiyo, kitu chochote kikubwa alichokitengeneza mle ndani alikitoa vipande vipande.

Kabati la sebuleni lilitoka hivyo. Mbao zake zilikuwa rafu za zamani za dukani, zimetupwa nyuma zikanyeshewa. Alizikausha kivulini, akazipiga randa mpaka ikatokea rangi nyekundu ambayo hakuna aliyejua kuwa imo. Kila ubao aliuchonga ncha ikawa kama ulimi, na ubao wa kuupokea akautoboa tundu. Ulimi ukipita na kutokeza upande wa pili, anaupigilia kabari, unakaza. Hakuna msumari hata mmoja, hakuna hata tone la gundi. Vipande vikapita mlango wa choo kimoja kimoja mpaka sebuleni, na palepale sebuleni akaviunga. Lilipokamilika lilikuwa refu kunishinda, pana kama kitanda, na milango yake ukiiachia ilijifunga taratibu bila kelele. Chini ya mguu mmoja akaweka kabari ya mwisho, kwa sababu sakafu yetu imelala upande.

Mama alilipangia sahani zake za wageni siku ileile. "Ee, afadhali," alisema.

Sasa, kuna siku baba aliangukiwa mguuni na boksi la vigae kazini, akakaa nyumbani mguu juu ya mto. Mwenye duka akaja kumpa pole. Alikuwa mwanamke wa sauti kubwa, watu walimwita Mama Mbao kwa sababu alianza kwa kuuza mbao kando ya barabara. Aliingia, akampa baba pole nusu, hiyo nusu nyingine ikamkwama mdomoni. Alikuwa ameliona kabati.

Alilizunguka. Akapitisha kiganja. Akafungua mlango mmoja, akauachia, akautazama unavyojifunga. Akainama kutafuta msumari, hakuuona.

"Nani kaifanya kazi hii?"

Shangazi alikuwa anaingia na sinia ya maji. Nilimwona akisimama. Mama alimtazama baba. Baba aliurekebisha mguu juu ya mto, akasema kwa sauti ya kutosha kusikika kwa mshona nguo:

"Ni mimi, Mama. Nikipata nafasi huwa najishughulisha kidogo na mikono."

"Wewe? Miaka yote umekaa na mimi unaniuzia misumari, kumbe wewe ni fundi?" Mama Mbao alikaa kwenye kochi likalia. "Sasa sikiliza. Nafungua karakana nyuma ya duka. Samani. Nimezunguka mji mzima natafuta wa kuisimamia, napata wapiga misumari tu. Anayeweza hili ndiye namtaka. Nitengenezee moja kama hili, ukubwa uleule, nije nilichukue mwenyewe, nikawaoneshe watu. Likitoka kama hili, karakana ni yako."

Shangazi aliweka sinia mezani. Aliiweka taratibu sana, glasi hata hazikugusana.

"Karibu maji, Mama," alisema.

"Asante, dada," Mama Mbao alijibu, bila kumtazama usoni.

Alipoondoka, shangazi alibaki amesimama palepale.

"Dada, usinitazame hivyo," baba alisema. "Ningesema nini? Mtu kaja kunipa pole, nianze kumhadithia ukoo?"

"Ungesema, ni dada yangu. Maneno yenyewe matatu."

"Kwani si nyumba moja? Nikipata mimi umepata wewe. Nitakuwa mbele kule na wateja, wewe unanisaidia huku nyuma. Hutaki kunisaidia?"

"Kukusaidia?" Shangazi aliliangalia kabati, akamwangalia baba. "Mbona nitakusaidia. Uliza chochote, nitakujibu, na sitakudanganya hata neno moja. Ila mkono wangu hautagusa."

"Kwa nini usiguse?"

"Si umesema unajishughulisha na mikono? Jishughulishe."

Baba alicheka, akidhani ni hasira ya kupita. Jioni ile nilimkuta shangazi kwenye ngazi za uani akinoa patasi kwenye jiwe. Nilikaa karibu. Alinoa muda mrefu.

"Ndugu wa mume wangu waliponichukulia nyumba nilinyamaza," alisema, macho kwenye patasi. "Wakaniita mwema. Wema wenyewe ulikuwa wa kipimo, na mimi nilishautumia wote kule."

Nikamwambia, si aende tu kwa Mama Mbao amweleze.

"Niende nikaseme nini? Kwamba ndugu yangu mwongo? Yeye atakana, mama yako atalia, na mimi ndiye nitakayeonekana mchawi wa nyumba. Hapana. Mwache atengeneze."

Baba hakuwa na pa kukimbilia. Fundi gani mjini hanunui gundi kwa Mama Mbao? Ukimwita mmoja leo, kesho habari iko dukani imekaa kwenye kaunta. Kwa hiyo mguu ulipopoa, mbao zikaletwa, na baba akatangaza kwamba atafanyia stooni ili majirani wasione.

"Vizuri," shangazi alisema. "Ngoja nikutolee vitu vyangu."

Alitoa sanduku lake, randa zake, benchi lake la kazi akalifungua vipande likapita. Alipomaliza, nilimwona akisimama kwenye mlango wa stoo na kunyoosha mikono, ncha za vidole zikagusa fremu huku na huku. Akaikaza mikono ilivyo, kama aliyebeba kitu kisichoonekana, akaenda hivyo mpaka sebuleni, akaisogeza mbele ya kabati. Kabati liliizidi mikono kwa mbali. Akaishusha. Akageuka akaniona. Mimi nikamwona. Basi, kazi ikaanza.

"Dada, ubao huu naukataje?" baba aliita.

"Kwa msumeno."

"Najua kwa msumeno! Naanzia wapi?"

"Ulipochora."

"Nichore wapi?"

"Pima lile la ndani, uchore kama lilivyo."

Majibu yote yalikuwa ya kweli. Nilikuwa nasikiliza nione atakosea wapi, hakukosea. Baba akiuliza gundi gani, anaambiwa gundi. Akiuliza msasa upi, anaambiwa upi. Asichouliza haambiwi. Hakuuliza kuhusu ulimi na tundu na kabari, kwa sababu hakujua kama vimo. Kwake kabati lilikuwa mbao zilizoshikana, na dukani vinavyoshikanisha mbao ni misumari na gundi. Alipiga misumari. Alimwaga gundi mpaka ikatiririka sakafuni akaikanyaga, kandambili ikaganda, akatoka stooni na mguu mmoja mtupu.

"Jirani!" mshona nguo aliita ng'ambo ya ukuta. "Unajenga daraja humo? Mashine yangu inaruka mishono!"

"Kazi za watu!" baba alijibu.

"Za watu gani? Wana masikio?"

Vidole vya baba vilifungwa vitambaa mpaka akawa anakula kwa kijiko kila kitu. Mama alimwonea huruma. Alimfuata shangazi jikoni, akasimama karibu naye.

"Wifi, kwani huyu si ndugu yako? Humwonei huruma?"

"Namwonea. Ndiyo maana namjibu."

"Shika basi hata msumeno mara moja tu."

"Wewe ulikuwepo siku ile alipoulizwa," shangazi alisema. "Ulishika nini?"

Mama akaondoka. Hakurudi na habari hiyo tena, ila bomba la jikoni lilipoanza kuvuja alinituma mimi nikamwambie shangazi. Shangazi alilitengeneza. Kila asubuhi aliendelea kuizunguka nyumba na nyundo yake, tok, kimya, tok, kama kawaida. Ukimwona hivyo ungesema yameisha.

Na kabati lile, nikiri tu, lilisimama. Baba ni mbishi, na ubishi nao unajenga. Ukilitazama kwa mbali lilifanana na la sebuleni, hasa alipolipaka vanishi kuficha vichwa vya misumari. Milango ilihitaji kusukumwa kwa goti, lakini ilifunga. Siku moja kabla ya Mama Mbao kuja, baba alisimama mlangoni pa stoo akifuta mikono, akilitazama. Kuna kitu kilikuwa kinamsumbua, nilikiona usoni mwake. Alishika fremu ya mlango kwa mkono mmoja. Aliigusa kabisa.

"Dada," aliita. "Njoo utazame. Kuna kitu nimesahau?"

Shangazi alikuwa anaanika nguo. Alibana kipande alichokishika kwenye kamba, akaja pole pole.

"Kipo."

"Kipi?"

"Hujasema ni nani aliyetengeneza lile la sebuleni."

Baba alivuta pumzi kwa kelele. "Bado tu na hilo? Dada, mtu mzima!"

"Umeniuliza, nimekujibu. Mpigie Mama Mbao sasa hivi, mwambie, ni dada yangu. Ukishasema, nitakuonesha na kitu kingine kimoja, na mikono nitaitia."

Simu ilikuwa mfukoni mwake. Alitia mkono mfukoni. Mimi nilikuwa nimeshika beseni la nguo, nikaliegemeza kiunoni, nikangoja. Shangazi naye aliungoja ule mkono utoke na simu. Ulitoka na funguo.

"Kesho ikipita tutazungumza kama ndugu," baba alisema, akafunga stoo.

"Sawa," shangazi alisema. Akarudi kwenye kamba akamalizia kuanika, mashati ya baba yakiwemo. Kisha akaingia chumbani kwake, nikasikia sanduku linavutwa kutoka uvunguni.

Mama Mbao alikuja na gari la mizigo na wapagazi wawili. Baba alikuwa amevaa shati la kwendea harusini. Akafungua stoo kwa madaha, Mama Mbao akachungulia, akakunja midomo kidogo alipoiona milango, lakini akasema, "Lete nje mwangani, tulione vizuri."

Wapagazi wakaingia. Wakalinyanyua, wakaja mpaka mlangoni. Likagonga fremu.

"Ligeuze," alisema wa kwanza.

Wakaligeuza. Likagonga. Wakalilaza, likagonga. Wakalisimamisha kwa kichwa, likagonga dari kwanza halafu fremu. Yule wa pili akachomoza uso juu ya kabati, jasho linamtoka.

"Bosi, hili lilizaliwa humuhumu?"

"Litoe kwanza, maneno baadaye!" baba alifoka.

"Mimi naweza kutoka. Lenyewe ndilo halitaki."

Mama Mbao hakucheka. Aliutazama mlango, akalitazama kabati, akamtazama baba tangu viatuni. Kisha akageuka akaingia ndani mwenyewe mpaka sebuleni, sote tukamfuata. Alisimama mbele ya kabati la kwanza.

"Hili ulilitengenezea wapi?"

"Stooni, Mama."

"Stoo hiyohiyo?"

"Hiyohiyo."

"Ukubwa ni uleule. Lilitokaje?"

Baba aligeuka huku na huku. Aliangalia mlango wa mbele, akaangalia dirisha. Nilimwona akilipima kabati kwa macho, kwa mara ya kwanza tangu liingie kwetu, mpaka masikio yakabadilika rangi. Alikuwa hajawahi kujiuliza.

"Dada," alisema. "Nisaidie."

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, amejifunga kitambaa kichwani vizuri, na nyundo ya mbao mkononi.

"Kwani unapitisha nini humo, mdogo wangu? Ng'ombe?"

Mama alijiziba mdomo. Shangazi akapita katikati yetu. Akazitoa sahani za wageni, akampa mama mikononi, rundo baada ya rundo, mpaka mama akawa haonekani kidevu. Akazunguka nyuma ya kabati, akagonga. Tok. Kabari ya kwanza ikadondoka kiganjani mwake. Tok, ya pili. Akagonga akizunguka, hapa na pale, bila haraka, na ubao ukaachia ubao. Milango ikatoka. Ubavu ukalala, na ubavu wa pili. Kabati zima likawa rundo la mbao sakafuni, zimelala moja juu ya nyingine, na hakuna iliyokwaruzika.

Wapagazi walikuwa wamesimama mlangoni.

"Kumbe ni wewe," Mama Mbao alisema polepole. "Na siku ile ulikuwepo."

"Nilishika sinia. Lakini usiniulize mimi, Mama, muulize yeye. Nataka nisikie."

Mama Mbao akamgeukia baba. Baba alikuwa anatazama mbao.

"Ni dada," alisema.

"Siku ile mpaka jirani alisikia," shangazi alisema. "Leo sauti imekwenda wapi?"

"Dada, tafadhali. Mbele za watu?"

"Kule kulikuwa nyuma za watu?"

Ng'ambo ya ukuta cherehani ilikuwa imenyamaza, mshona nguo anasikiliza.

"Ni dada yangu!" baba alipaza, sauti ikakatika katikati. "Dada yangu ndiye aliyelitengeneza! Umeridhika?"

Shangazi alimtazama kwa muda mrefu. Nilidhani uso utalainika. Haukulainika.

"Bado," alisema.

Akainama akachukua na ile kabari ya chini ya mguu, akazitia zote kwenye mfuko wa gauni. Halafu akaanza mzunguko wake, ule wa kila asubuhi, ila mara hii alikuwa anazitoa. Dirisha la jikoni likashuka na kishindo. Chumbani kwa baba na mama kitanda kikalia, kikainamisha pembe. Uani jukwaa likalala upande na tangi likaanza kumwaga maji ukutani.

"Wifi, dirisha!" mama aliita, amekumbatia sahani hajui pa kuziweka. "Wifi, tangi!"

"Pigeni msumari," shangazi alijibu akipita. "Duka zima lina misumari."

"Hili utaliacha hivi?" baba aliuliza, akionesha rundo la mbao.

"Mbao zilikuwa za dukani, zitakaa. Kabari nilizichonga mimi."

Akaingia chumbani kwake, akatoka na sanduku lile la vifaa. Lilikuwa limefungwa tayari kwa kamba, tangu jana yake. Wapagazi wakajisogeza kumsaidia, akawakatalia kwa kichwa, akajitwika mwenyewe kama siku aliyokuja. Alipofika kwa Mama Mbao akasimama.

"Hiyo karakana yako, mlango wake ukoje?"

"Mpana," Mama Mbao alisema. "Lori linaingia."

"Nitakuja niuone kwanza."

"Panda basi gari, twende wote."

"Siku ile uliniambia asante bila kunitazama, Mama. Nitakuja kwa miguu. Utaniona nikija."

Mama Mbao alijisogeza kando kumpisha. Shangazi alinipita karibu. Hakunikumbatia wala nini, alinigusa tu bega kwa ubavu wa nyundo, kama anavyolijaribu dirisha aone kama limekaza. Nadhani aliridhika, maana hakugonga mara ya pili.

Kwenye mlango wa mbele alisimama, akanyoosha mkono kwenye bawaba ya juu, akachomoa kabari ya mwisho. Mlango ukashuka, ukakita pembe sakafuni. Akatoka.

Baba alimkimbilia mpaka barazani. "Dada! Dada, angalau huu mlango!"

Hakugeuka. Alikwenda na sanduku lake kichwani, mkono mmoja umelishika, mwingine mfukoni, na nilisikia kabari zikigongana humo mfukoni mpaka alipokata kona. Baba alirudi, akausukuma mlango kwa bega, akauinua, akaupiga teke. Ameshapiga misumari mingi tangu siku hiyo, na fremu imepasuka mahali pengi. Mpaka leo haufungi.